"Anko, Mwadui siyo ya shule": Watoto wetu wanachora minazi, almasi iko nyuma ya nyumba



Leo siongelei tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Hayo tumeyaandika sana humu na tutaendelea kuyaandika. Leo naomba dakika zenu chache niongelee karatasi ya manila ya mtoto wa darasa la nne. Nivumilieni, mtaona tunakofika.

Jumapili moja nilikwenda Maganzo kumsalimia dada yangu. Nikakuta nyumba iko kwenye hekaheka. Binti yake alitakiwa Jumatatu apeleke shuleni "projekti", yaani manila yenye picha na maelezo mafupi kuhusu mambo ya kuvutia ya mkoa wetu. Dada alishaimaliza kazi kabla hata mtoto hajaianza. Alikwenda kwa fundi wa kuchora mabango, akatoa shilingi 3,000, akarudi na manila imeviringishwa vizuri na kufungwa rababendi.

Tukaifungua. Jamani, ilikuwa nzuri! Mlima Kilimanjaro na theluji yake, twiga wawili, dau lenye tanga jeupe, mnazi pembeni, chini bendera ya Taifa. Juu kwa herufi kubwa za rangi: MKOA WETU WA SHINYANGA.

Dau na mnazi. Shinyanga!

Nikamwita mtoto: "Njoo mama, hebu nioneshe Mwadui iko wapi hapa." Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. Akajibu kwa upole kabisa: "Anko, Mwadui siyo ya shule."

Sasa elewa hivi. Mtoto huyu anaifahamu Mwadui kuliko mimi. Amekua akisikia honi na magari ya mgodi. Baba yake mdogo aliwahi kuwa mbeshi, anajua kukimbizwa usiku ni nini. Anajua duka gani Maganzo wananunua mawe na duka gani wanauza soda tu. Anajua siku watu wakipata, kitaa kinabadilika. Ila kichwani mwake ameshagawa dunia vipande viwili: kuna vitu vya shule, ambavyo ni vya heshima na viko mbali, na kuna vitu vya nyumbani, ambavyo havifai kuandikwa.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nimesoma msingi hapa hapa Kishapu. Nilijua urefu wa Kilimanjaro ni mita 5,895 kabla sijajua mgodi ninaouona kila siku ni wa nani. Nilikariri mito ya nchi jirani, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kipande cha jiwe kutoka ardhini kwetu kimekaa kwenye kifua cha Malkia wa Uingereza. Niliyasoma hayo ukubwani, kwenye simu, bando likiwa linakata.

Jaribio nililofanya kwenye grupu letu

Kabla hatujawalaumu walimu, tujipime sisi. Niliporudi nyumbani niliuliza swali moja kwenye grupu la WhatsApp la vijana wetu wa kata: "Serikali ina asilimia ngapi ya hisa pale Mwadui?"

Wengi walijibu 16. Wawili wakasema 50. Mmoja akatuma stika ya kucheka. Na mimi niwe mkweli: ningeulizwa ghafla, hata mimi ningejibu 16. Namba hiyo tumeisikia sana kwa sababu ndiyo hisa ya Serikali kwenye Twiga Minerals, kampuni ya ubia na Barrick inayohusika na migodi ya dhahabu kama Bulyanhulu kule Kahama. Mwadui ni habari nyingine. Pale Serikali ilikuwa na asilimia 25, na kwa makubaliano yaliyosainiwa Desemba 2021 kati yake na kampuni ya Petra Diamonds, sehemu yake ikapanda hadi asilimia 37.

Sasa jiulize. Sisi ndio tunaosimama kwenye mikutano ya hadhara na kupaza sauti kwamba rasilimali zinaibwa. Tunapiga kelele kwa mgodi ambao hatujui hata umegawanywaje. Diwani wa chama tawala akisimama na karatasi moja yenye takwimu tatu, anatunyamazisha wote. Anatuzidi karatasi tu, wakati uchungu wa kata hii tunao sisi.

Hii ndiyo hoja yangu ya leo, na ninaisema wazi: kama tunataka kizazi ambacho hakitadanganywa kuhusu mali zake, kianze kuzichora kikiwa darasa la nne. Kwa mkono wake, kwa rangi zake, kikiwa na namba za kweli pembeni ya kila picha. Na kazi hiyo tunaweza kuianza sisi vijana Jumamosi hii, bila kibali cha bajeti ya mtu.

Mbona iwe picha?

Mtoto ukimwambia "hekta 146", anaitikia "ndiyo" na kusahau. Hilo ndilo eneo la mwamba wa kimbaliti wa Mwadui, miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya almasi iliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani. Lakini mwambie achore viwanja vya mpira vinavyoenea ndani yake. Atahesabu, atachora, atachoka. Vinakaribia 200. Mtoto aliyechora viwanja 200 kwa penseli hawezi kusahau ukubwa wa mgodi hadi anazeeka. Na siku moja atauliza: kama ni mkubwa hivi, mbona uwanja wetu wa shule hauna hata magoli?

Hilo swali hukumfundisha wewe. Limetoka kwenye picha yake.

Haya si mageni kwetu. Watu wazima wa nchi hii wanaielewa siasa kupitia katuni za Masoud Kipanya kuliko kupitia hotuba ya saa mbili. Picha moja, maneno matano, umeelewa. Watoto nao ni hivyo hivyo, tena zaidi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una Jiografia na Mazingira, una Sanaa na Michezo, una Historia ya Tanzania na Maadili. Nafasi ipo. Mwalimu mbunifu anaweza kuingiza mambo haya yote bila kuvunja kanuni hata moja. Tatizo ni kwamba mwalimu ana watoto wengi, manila hana, na kitabu cha Shinyanga chenye picha na takwimu hajaletewa. Anawaambia watoto "nendeni mkaandae nyumbani". Nyumbani mzazi anakwenda kwa fundi wa mabango. Fundi anachora anachokijua, yaani kalenda ya watalii.

Kurasa saba za Shinyanga

Niliporudi tena Maganzo, mimi na mpwa wangu tulikaa chini na kuanza upya. Hatukununua manila. Tulichana mfuko wa saruji, tukatoa karatasi ya ndani iliyo safi, tukapata kurasa kubwa kabisa. Rangi tulikuwa na mkaa, udongo mwekundu, udongo mweusi wa mbuga, na penseli zake nne za rangi. Tukakubaliana sheria moja: kila ukurasa una picha moja, namba moja ya kweli, na swali moja. Hizi hapa. Chukueni, boresheni.

*Ukurasa wa kwanza: ramani.* Mkoa wetu umebadilika umbo. Mwaka 2012 ilipoundwa mikoa mipya, Bariadi, Maswa na Meatu zilikwenda Simiyu, na Bukombe na Mbogwe zikawa Geita. Bado kuna ofisi na madarasa yenye ramani ya zamani ukutani. Mtoto achore ya zamani kwa penseli na mpya kwa rangi juu yake. Swali: nani anaamua mpaka upite wapi, na wananchi waliulizwa?

*Ukurasa wa pili: Williamson.* Mwaka 1940 mjiolojia wa Kikanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Alikufa mwaka 1958. Mtoto achore mtu na jembe la sululu, lakini amchore na Msukuma aliyekuwa anachimba pembeni yake, kwa sababu huyo hajatajwa kwenye vitabu. Swali: wazee wa kwetu waliofanya kazi mgodini wanakumbuka nini? Aende akamuulize babu yake. Huyo ndiye kitabu.

*Ukurasa wa tatu: jiwe la waridi.* Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe zima lilikuwa na gramu 10.9. Mwambie mtoto apime sukari kwa kijiko cha chai: havifiki hata vijiko vitatu. Mpwa wangu alipopima, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Yaani hii tu?" Swali: kitu kidogo hivi kinapataje thamani kubwa hivyo, na thamani hiyo inaongezeka ikiwa wapi?

*Ukurasa wa nne: chapati.* Hapa ndipo penye siasa yenyewe. Chora chapati nne. Ya kwanza ni ya 1958: De Beers nusu, Serikali ya Tanganyika nusu. Ya pili ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970: mgodi ukataifishwa, chapati yote ya Serikali. Ya tatu ni ya 1994: De Beers wamerudi na robo tatu, sisi robo. Petra walipoingia 2009 walirithi robo tatu hizo hizo. Ya nne ni ya makubaliano ya 2021: 63 kwa 37. Mtoto wa darasa la nne anaelewa chapati. Swali: kukiwa na chapati yote lakini imeungua, na kukiwa na robo ya chapati nzuri, ipi inashibisha? Hapo unamfundisha kwamba kumiliki peke yake hakutoshi, usimamizi nao una kazi yake.

*Ukurasa wa tano: bwawa la tope.* Oktoba 2022, almasi ya waridi iliyokatwa kutoka kwenye jiwe la Mwadui iliuzwa kwenye mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Jiwe lenyewe likiwa ghafi, lenye karati 32.32, lilikuwa limeuzwa na mgodi mwaka uliotangulia kwa dola milioni 13.8. Mwezi mmoja baada ya mnada ule, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la majitope la mgodi ulipasuka. Tope likafunika mashamba na makazi ya watu wa Ng'wanholo na Nyenze. Mtoto achore vitu hivi viwili kwenye karatasi moja, upande huu pete, upande huu nyumba kwenye tope. Usimwambie lolote. Mwache aangalie. Swali: fidia ya shamba unaihesabuje?

*Ukurasa wa sita: ngitili.* Watoto wasidhani Shinyanga ni mashimo tu. Mkoa huu ulikatwa miti hadi watu wakauita jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, na wataalamu wakafanya jambo la busara: waliwauliza wazee. Wazee wakasema, fungeni ngitili, yaani lile eneo la malisho ambalo Wasukuma wanalizuia wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Miti ikarudi kwenye maelfu kwa maelfu ya hekta. Dunia nzima ikaja kujifunza kwetu. Mtoto achore eneo moja mara mbili, kabla na baada. Swali: ngitili ya kwetu iko wapi na nani anailinda?

*Ukurasa wa saba: maji na pamba.* Bomba linaloleta maji Shinyanga na Kahama linaanzia Ihelele, wilaya ya Misungwi, kwenye Ziwa Victoria. Mtoto afuate safari ya tone la maji kutoka ziwani hadi kwenye ndoo ya mama yake, au aoneshe linapoishia kabla halijafika. Kisha pembeni achore safari ya pamba: shamba, mzani wa AMCOS, kiwanda cha kuchambua, robota, meli. Swali: kwenye safari hii, nani anapanga bei?

Ilituchukua Jumamosi tatu. Michoro yake ni mibaya kuliko ya fundi wa mabango. Watu wake wana shingo ndefu kama twiga. Lakini ukimuuliza ukurasa wowote, anasimama na kueleza hadi unamwambia basi mama, inatosha.

Picha nzuri pia inaweza kudanganya

Hapa nataka tuwe makini, maana najua baadhi yetu wameshaanza kufikiria kuchapisha vitabu vyenye rangi za chama.

Kule Marekani karibu kila mtoto wa msingi anafanya projekti ya jimbo lake: anachora bendera ya jimbo, ndege wa jimbo, ua la jimbo, ramani na mji mkuu. Ni jambo zuri, mtoto anakua akijua kwao. Lakini kuna funzo moja kutoka jimbo la California. Kwa miongo mingi watoto wa darasa la nne kule walijenga vijumba vya maboksi kuiga misheni za Wahispania, na wazazi wakapiga picha, na kila mtu akafurahi. Kilichosahaulika ni kwamba kwenye misheni zile wenyeji wa asili walifanyishwa kazi kwa nguvu na wakafa kwa wingi. Vijumba vilikuwa vizuri, ila ukweli haukuwemo. Baadaye ndipo wizara ya elimu ya jimbo ikaanza kuwashauri walimu waachane na vijumba na wafundishe maisha ya watu waliokuwa mle ndani.

Kwa hiyo "mambo ya kuvutia" pekee hayatoshi. Mtoto anaweza kuchora almasi inang'aa vizuri kabisa na asijue chochote. Na sisi wapinzani tunaweza kufanya kosa lile lile kwa upande wa pili: tukamfanya mtoto achore mashimo, vilio na wezi tu, mpaka akaamini kwao hakuna jema.

Ndiyo maana kwenye chapati ya nne nimeandika 37. Ongezeko hilo lilipatikana chini ya serikali ya chama tawala, baada ya sheria za madini za 2017. Ni kweli, kwa hiyo linachorwa. Vilevile ni kweli kwamba Mei 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu waliosema wao au ndugu zao waliumizwa au kuuawa na walinzi na polisi kwenye mgodi huu, bila kampuni kukiri dhima. Hilo sitamchoresha mtoto wa miaka kumi. Lakini akifika umri wa kuuliza kwa nini baba yake mdogo anachechemea, nitamwambia, na nitamwambia kwa takwimu.

Ukiona ukweli unakuumiza wewe mwenyewe na bado unauandika, ujue hapo unafundisha. Ukiandika unaokupendeza tu, hiyo ni kampeni, na watoto siyo mahali pa kampeni. Wengi wetu tulishawahi kupangwa barabarani na sare za shule, juani, tukipunga vibendera kusubiri msafara wa mkubwa. Tulichukia. Tusije tukawafanyia wadogo zetu jambo hilo hilo kwa rangi nyingine.

Majibu kwa wanaopinga

Kamanda mmoja aliniambia: "Bro, watoto hawapigi kura." Sawa. Mtoto wa miaka kumi leo, baada ya miaka minane ana kadi ya mpiga kura. Sisi tumekuwa upinzani kwa miaka mingapi? Miaka minane inapita tu. Tena yule mtoto akirudi na karatasi nyumbani, wanaoisoma ni mama, bibi na jirani. Dada yangu, ambaye siasa haipendi kabisa, ameanza kuuliza ushuru wa huduma ni nini.

Na nilimjibu. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo, na unalipwa halmashauri. Yaani kwa kiwango hicho, mgodi ukiuza mali ya shilingi milioni moja, halmashauri ilikuwa inapata isiyozidi 3,000. Dada akacheka: "Hela ya manila!" Nikamwambia ndiyo, hela ya manila. Sasa zidisha kwa mabilioni, halafu uliza zilijenga nini. Hilo swali liko ndani ya haki yako, majibu yako kwenye mkutano wa kijiji na kwenye kikao cha baraza la madiwani, ambacho mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza.

Mwingine akasema: "Hiyo ni kazi ya serikali, sisi kazi yetu ni kuikosoa." Mwaka 2007 mbunge kijana wa upinzani, Zitto Kabwe, aliuliza Bungeni kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliopo Kahama, mkoa wetu huu huu. Bunge likamsimamisha Agosti ile. Lakini maswali yake hayakuzimika: Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, Zitto mwenyewe akawa mjumbe, na mwaka 2010 ikatungwa sheria mpya ya madini. Aliweza kwa sababu alikuwa amesoma, ana tarehe na ana majina. Kukosoa bila kujua ni kelele tu, na kelele hazijawahi kumtisha mtu mwenye mkataba mkononi.

Wa tatu, na huyu namheshimu, ni mwalimu rafiki yangu. Alisema: "Nyie mtaongea, mimi nitahamishwa." Ana hoja. Ndiyo maana sisemi tuingie madarasani. Shule ziachwe na walimu. Sisi tufanyie nyumbani, chini ya mti, Jumamosi, kwa watoto wa ndugu na majirani zetu, kwa ruhusa ya wazazi wao. Bila fulana za chama, bila bendera na bila kaulimbiu. Mzazi wa chama tawala awe huru kumleta mtoto wake na kukaa pembeni kusikiliza. Akikuta tumeandika uongo, atukosoe mbele ya watoto. Itakuwa somo zuri kuliko yote.

Tufanye nini sasa

Naomba kila tawi letu Kishapu, kuanzia Maganzo, Mhunze, Ukenyenge, Negezi hadi Songwa, lichague vijana wawili tu. Wawili wanatosha. Kazi yao iwe hii:

Kwanza, wakusanye namba kumi za kweli za kata yao: watu, visima, madarasa, vitanda vya zahanati, umbali wa maji. Kila namba iwe na mahali ilipotoka, na ithibitishwe na watu wawili. Ambayo haijathibitishwa haichorwi.

Pili, watafute wazee watatu wenye kumbukumbu: mmoja wa mgodi, mmoja wa pamba na ng'ombe, mmoja wa ngoma na simulizi. Wazee wanaojua habari za Ng'wanamalundi wako Seke na wanazidi kuondoka. Mtoto akae nao na penseli.

Tatu, mchora ni mtoto. Mkubwa asishike penseli. Hili nasisitiza kwa sababu ugonjwa wetu mkubwa ni kuwachorea watoto. Tukiwachorea, wanapata alama na sisi tunapata sifa, halafu wao wanabaki bila kitu.

Watu wa Geita, Kahama na Msalala mnaosoma humu, nanyi mna ya kwenu. Mtoto wa Geita anayeishi kandokando ya mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000 naye bila shaka anachora mnazi. Mtoto wa Kahama ameona Buzwagi ikichimbwa na ameona ikifungwa mwaka 2021. Kisa cha mgodi kuanza na kuisha yeye anakisimulia kuliko profesa. Mpeni karatasi.

Namalizia na mpwa wangu. Ile manila ya fundi wa mabango ilipelekwa Jumatatu ile ile, kwa sababu mtoto aliogopa kwenda mikono mitupu. Akapata alama nzuri. Kurasa zetu saba hazikupelekwa popote. Ziko ukutani sebuleni kwa dada, zimebandikwa kwa ugali, maana gundi hatukuwa nayo.

Wiki iliyopita nilipita pale nikakuta ameongeza ukurasa wa nane, peke yake, bila mtu kumwambia. Amechora nyumba yao, amechora vilima vya mchanga wa mgodi nyuma yake, na kati ya nyumba na vilima amechora mstari mrefu wa uzio. Upande wa ndani ya uzio hakuchora kitu. Pale kwenye nafasi ya swali ameandika kwa mwandiko wake uliopinda: "Ndani kuna nini?"

Sikumjibu. Nilimwambia, mama, hilo swali lishikilie, usimpe mtu akufutie.

Tukutane Jumamosi, kila mtu na mfuko wake wa saruji.

*Mwandishi wa makala haya ni kijana, mwanachama na mkazi wa Kishapu, Shinyanga.*